Ukikuta Minyoo kwenye Samaki wa Bwawa Lako, Usimfiche Mteja



Ijumaa moja asubuhi simu yangu iliita nikiwa nasubiri ukungu upungue nipande pikipiki. Alikuwa kijana mmoja mfugaji wa samaki, bwawa lake liko bondeni huku kwetu Tandala, pembeni ya vinyungu vya familia. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Shikamoo Afisa. Samaki wangu wamerudishwa."

Alikuwa amevuna kilo 60 za perege, akawapanga na barafu kwenye ndoo, akapanda nao gari mpaka Makambako. Mteja wake, mama lishe wa karibu na stendi, alikuwa ameagiza wote kwa shilingi 8,000 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe: ni shilingi 480,000, na chakula cha samaki alikuwa amekikopa. Mama alipompasua samaki wa tatu akakuta vitu vya njano, ukubwa wa punje ya mchele, vimejibanza chini ya kifuniko cha matamvua na kwenye mnofu karibu na mapezi. Akabonyeza kimoja kwa ncha ya kisu, kikatoka kiumbe kinajinyonganyonga. Akamwambia, "Mwanangu, hawa chukua. Mimi nalisha watu." Kabla ya saa sita mchana picha ilikuwa imeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno yake: samaki wa mabwawa ya Makete wana minyoo, msinunue.

Kijana akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: "Afisa, nikiwabanika mpaka wakauke, minyoo haitaonekana. Si naweza kuwauza Njombe kwa watu wengine?"

Sikumjibu palepale, kwa sababu na mimi nilikuwa na deni. Miezi miwili nyuma nilisimama kwenye bwawa lile. Nilipima kina, nikaangalia rangi ya maji, nikasifia majani yaliyoota kingoni kwamba yanazuia udongo kuporomoka. Korongo alikuwa amesimama upande wa pili, tukampiga picha. Konokono walikuwa wamejaa kwenye majani. Sikufungua samaki hata mmoja. Kwa hiyo haya ninayoandika nayaandika kwenu, lakini na mimi najikumbusha.

Huyo mdudu ni nani?

Kile kitu cha njano ni buu wa mnyoo bapa. Wataalamu wanamwita Clinostomum, sisi tumwite buu wa njano. Mnyoo mkubwa wake haishi kwenye samaki. Anaishi mdomoni na kooni kwa ndege wanaokula samaki, kama korongo na mnandi. Ndege anapoinamia maji kuvua, mayai ya mnyoo yanadondoka bwawani. Yanaanguliwa, na kile kitoto kinaogelea kumtafuta konokono. Ndani ya konokono ndiko anakozaliana: aliingia mmoja, wanatoka wengi sana. Hao wanaotoka wanaogelea mpaka kwenye samaki, wanapenya ngozi, kila mmoja anajifungia kwenye kifuko chake na kukua taratibu mpaka anakuwa wa njano. Hapo anasubiri ndege aje ammeze samaki, safari ianze upya.

Shika mambo mawili hapo. La kwanza, safari hii ina vituo vitatu: ndege, konokono, samaki. Ukiondoa kituo kimoja, safari imekufa. La pili, samaki hamwambukizi samaki mwenzake moja kwa moja. Ukiona bwawa lina mabuu mengi, maana yake bwawa hilo lina konokono wengi na ndege wanashinda hapo. Mdudu ni taarifa ya namna unavyolitunza bwawa.

Wapo na wengine wawili utakaokutana nao huku kwetu.

Kambale ukimpasua unaweza kukuta tumboni minyoo duara waliojikunja kama chemchemi ya kalamu, wekundu au wa kahawia. Wengi wao ni mabuu wa jamii ya Contracaecum. Hawa nao wakubwa wao huishi kwenye ndege wala samaki, na kabla ya kumfikia samaki wanapitia kwa vidudu vidogo vya majini. Wengi wanakaa nje ya utumbo, ndani ya uwazi wa tumbo, kwa hiyo ukitoa matumbo mapema na kuosha vizuri umewapunguza sana.

Wa tatu mnamjua, hata kama hana bwawa lako. Mnaonunua usipa wa Ziwa Nyasa, uwe umetokea Kyela au upande wa Ludewa, mmewahi kumpasua usipa mwenye tumbo limevimba mkakuta utepe mweupe mrefu umejaa tumbo zima. Huyo ni mnyoo bapa anayeitwa Ligula. Ameshachunguzwa na watafiti kwenye usipa wa Nyasa na kwenye dagaa wa Ziwa Victoria. Samaki anadhoofika na uzazi wake unaharibika. Mnyoo huyu hukomaa kwenye ndege. Usipa aliyekaushwa na kupikwa vizuri usimwogope kwa sababu yake.

Je, mlaji yuko hatarini?

Hapa ndipo watu wanagawanyika. Kuna anayesema samaki wote watupwe, na kuna anayesema minyoo ni protini. Wote wawili wamekosea.

Ukweli ni kwamba buu wa njano, akiwa ndani ya samaki aliyeiva, amekufa na hawezi kukufanya kitu. Hatari iko kwa samaki mbichi au aliyeiva nusu. Japani na Korea, ambako watu hula samaki wa maji baridi wakiwa wabichi, wapo wagonjwa waliokutwa na mnyoo huyu hai amejishika kooni. Mtu anakohoa, koo linawasha na kuuma, na daktari inabidi amtoe kwa koleo. Ugonjwa ni wa nadra, lakini upo.

Na siyo huyo tu. Misri, kwenye maeneo ya delta ya Mto Nile, kuna mnyoo mdogo wa utumbo anayeitwa Heterophyes, anayepatikana kwa watu wanaokula mikizi na perege ambao hawajaiva au waliowekwa chumvi kwa muda mfupi. Kusini mwa Afrika, wageni waliokula samaki mbichi wa jamii ya perege kwenye Delta ya Okavango nchini Botswana, na wengine nchini Zambia, walirudi kwao na mnyoo anayetembea chini ya ngozi, uvimbe ukihama kutoka sehemu moja ya mwili kwenda nyingine. Na kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako kuna chakula cha kienyeji cha samaki mbichi aliyekatwakatwa na kutiwa viungo, kuna mnyoo wa mirija ya nyongo anayeitwa Opisthorchis. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Utasema, "Afisa, Thailand ni mbali, sisi huku hatuli samaki mbichi." Ni kweli, na hiyo desturi ya kupika mpaka kuiva imetukinga miaka mingi. Lakini angalia mianya hii mitatu ambayo naiona kwa macho yangu.

Mwanya wa kwanza ni samaki wa kubanika wa haraka. Moto mkali, nje ameungua, ukifika kwenye mfupa nyama bado inang'aa na damu ipo. Mteja ana njaa, gari linapiga honi, anakula hivyohivyo.

Mwanya wa pili ni kisu na kibao. Samaki anaparuliwa magamba na kupasuliwa, kibao kinafutwa kwa kitambaa, kisha nyanya na vitunguu vya kachumbari vinakatwa hapohapo. Samaki ataiva, kachumbari haitaiva.

Mwanya wa tatu ni mitindo mipya. Vijana mmeona mtandaoni samaki "anapikwa" kwa limao bila moto. Limao linageuza rangi ya mnofu ukaonekana mweupe kama ulioiva, lakini haliui minyoo. Siki haiui. Pilipili haiui. Na ulanzi wa kushushia hauui.

Kinachoua ni joto la kutosha au baridi kali ya muda mrefu. Joto la nyuzi 63 likifika katikati ya mnofu, minyoo wa samaki wanakufa. Huku kwetu milimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini bado ni juu sana ya nyuzi 63, kwa hiyo samaki wa kuchemsha usiwe na shaka naye, mwache tu achemke vya kutosha. Ukiwa huna kipimo cha joto, tumia macho: mnofu uwe mweupe mpaka mfupani, uachie mfupa wenyewe ukiuvuta kwa uma, na kusiwe na sehemu inayong'aa. Samaki mnene mchanje pande zote mbili kabla ya kumkaanga ili mafuta yaingie ndani.

Kwa baridi, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inataka samaki agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 kama ataliwa bila kupikwa. Friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo, na umeme ukikatika hesabu inavurugika. Kwa hiyo usitegemee friza, tegemea jiko.

Mdudu mwingine anatoka chooni

Nilipokuwa naongelea minyoo kwenye kikao kimoja cha wafugaji, mzee mmoja aliuliza kama hawa ndio tegu wanaoleta kifafa. Hapana. Huyo ni tegu wa nguruwe, na huku Nyanda za Juu Kusini ni tatizo kubwa kuliko buu wa njano. Lakini naomba tumzungumze, kwa sababu wengi wenu mna banda la nguruwe juu ya bwawa ili mbolea iangukie majini.

Mavi ya nguruwe hayana mayai ya tegu huyu. Mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Nguruwe akila kinyesi hicho, nyama yake inapata vifuko. Mtu akimeza mayai kupitia maji au mboga zilizochafuliwa, vifuko vinaweza kwenda mpaka kwenye ubongo, na hapo ndipo kifafa kinapoanzia. Sasa jiulize: choo cha nyumbani kwako kiko juu ya bwawa au chini yake? Mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi? Vibarua wanaovuna wanajisaidia wapi? Mchicha unaomwagilia kwa maji ya bwawa unaliwa na nani? Mvuaji mwenye choo kizuri na sabuni amelinda walaji wengi kuliko mwenye dawa.

Na wewe unayeingia bwawani, vaa mabuti marefu. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba pia vimelea vya kichocho. Ugonjwa huo umeenea zaidi Kanda ya Ziwa kuliko kwenye baridi yetu, lakini bwawa lenye konokono siyo mahali pa kusimama miguu mitupu.

Tulifanya nini bwawani

Mchana uleule nilifika kwake. Tulivua samaki 30 kutoka pembe zote za bwawa, tukawapasua mmoja mmoja juu ya mfuko mweupe. Samaki 11 walikuwa na mabuu. Wengi wao walikuwa na mmoja mpaka watatu, lakini wanne walikuwa wamejaa.

Hiyo ya samaki 30 iandike kwenye daftari lako. Ukipasua 30 waliochukuliwa bila kuchagua na usikute hata mmoja mwenye minyoo, yaelekea wenye minyoo bwawani hawazidi mmoja kati ya kumi. Ukipasua wawili ukakuta wasafi, hujajua chochote. Siyo lazima uvue 30 kila mwezi. Pasua 10 kila mwezi, na 30 wiki moja kabla ya kuvuna. Hao samaki unawala nyumbani, huwapotezi.

Hivi ndivyo tulivyopanga, na ndivyo ninavyoshauri kwa kila mwenye bwawa:

1. Samaki wenye mabuu machache. Mabuu wanatolewa kwa ncha ya kisu, sehemu ile inakatwa, samaki anapikwa mpaka kuiva. Anafaa kuliwa. Ukitaka kumuuza, mwambie mnunuzi na punguza bei.

2. Samaki waliojaa mabuu. Hao hawauzwi kwa mtu. Wachemshe mpaka waive, wape kuku au nguruwe.

3. Matumbo na matamvua. Usiyatupe bwawani wala pembeni. Ndege akiyala, umemrudishia mnyoo nyumba yake. Chimba shimo, fukia.

4. Majani ya kingoni. Fyeka yote yanayogusa maji. Nyasi fupi juu ya tuta zinatosha kushika udongo. Majani ndani ya maji ndiyo chakula na makazi ya konokono. Hapa ndipo nilipokosea.

5. Konokono. Tupa bwawani matawi yenye majani mapana jioni, asubuhi yatoe yakiwa na konokono walioshikilia, waponde na kuwafukia. Rudia kila siku chache. Usimwage mrututu wala dawa ya mimea bwawani. Unaweza kuua samaki pamoja na konokono, na atakayekula anaweza kula sumu.

6. Ndege. Funika bwawa dogo kwa wavu. Kama wavu ni ghali, vuta kamba za nailoni kukatiza bwawa, umbali wa nusu mita kati ya kamba na kamba, na zungushia kamba nyingine kingoni, kwa sababu korongo hutua nje na kuingia kwa miguu. Usitege sumu. Wanyamapori wanalindwa na sheria ya mwaka 2009, na sumu ile haichagui kati ya korongo na mbwa wa jirani.

7. Baada ya kuvuna. Toa maji yote, acha bwawa likauke mpaka sakafu ipasuke nyufa. Baadhi ya konokono hujificha kwenye tope na kuvumilia ukame, kwa hiyo sehemu zilizobaki na unyevu mwagia chokaa. Chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, inafaa kwa bwawa zima. Weka chujio kwenye bomba la kuingizia maji ili konokono wasirudi na mkondo.

8. Vifaranga. Nunua kwenye kituo au kwa mzalishaji unayeweza kutembelea mabwawa yake. Ukifika angalia kingo zake kabla ya kuangalia bei.

Vipi kuhusu dawa? Kila wiki mtu ananiuliza kama anaweza kumwaga dawa ya minyoo ya ng'ombe bwawani. Jibu ni hapana. Buu aliyejifungia kwenye mnofu hatolewi na dawa ya kumwaga, na mabaki ya dawa yataishia kwenye sahani ya mteja. Fedha hiyo nunua kamba na chokaa.

Mazungumzo ya Makambako

Sasa nirudi kwenye lile swali la kuwabanika na kuwauza kwingine. Nilimwambia kijana: ukiwauza Njombe bila kusema, atakayekula akiwa ameiva vizuri hatapata shida, ni kweli. Lakini hujui nani atambanika nusu, na hujui nani atampasua na kukuta yaliyobaki. Picha ya kwanza imesema samaki wa mabwawa ya Makete wana minyoo. Picha ya pili itasema wafugaji wa Makete wanajua na wanauza. Ya kwanza inasafishika. Ya pili inatumaliza wote, mpaka yule ambaye bwawa lake ni safi.

Jumatatu tukaenda wote kwa mama lishe. Kijana alimsalimia, akamwonyesha samaki aliyepasuliwa, akamweleza buu anakaa wapi na anatolewaje, akamwambia bwawa analikausha. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi. Akauliza swali moja tu: "Na wale wengine wanaoniletea, wao huwa wanapasua?" Hatukuwa na jibu.

Siku hiyo alichukua kilo 15 kwa nusu bei, wale tuliowapasua na kuwasafisha mbele yake. Kilo nyingine zililiwa nyumbani na kwa majirani, nyingine zikaenda kwa kuku. Kijana alipata shilingi 60,000 mahali pa 480,000. Deni la chakula bado analilipa kwa viazi. Bwawa limekauka, limepigwa chokaa, kamba zimevutwa, na vifaranga wapya wataingia baridi ikipungua. Mama alimwambia akivuna tena ampigie, ila aje na kisu chake, wapasue pamoja.

Na mimi nimebadilisha ratiba. Nikija kwenye bwawa lako, kabla ya kupima kina nitakuomba samaki kumi na kibao cha kukatia. Usione nakusumbua. Andaa na sufuria, tutawapika tule.

Tukutane kwenye makala ijayo. Kama una bwawa na hujawahi kupasua samaki wako, anza wikendi hii, uandike idadi kwenye daftari.